Maua Yasiyo na Miiba

Mikono ya Wangare bado imo mikononi mwa Masinde. Wiki nzima hajaiachia, na najua wako wasomaji waliofurahi wakidhani ni mapenzi. Poleni. Masinde alikuwa akiikagua mikono ile kidole kwa kidole, mbele na nyuma, akitafuta mkwaruzo hata mmoja tu, na hakuuona.

Kwa aliyeanza kutusoma leo nitasema upesi, maana Masinde hana wakati. Ni Jumamosi moja ya Aprili, mwaka wa 1954, jikoni kwenye shamba la mzungu huko juu Dundori. Masinde ndiye mpishi. Wangare ndiye dobi. Mwenye nyumba ni mama wa Kizungu ambaye shamba zima linamwita Memsahib Maua, na saa sita mchana wageni kumi na wanane wanakuja kunywa sangria, kinywaji cha mvinyo mweupe na maua alichokipenda Uhispania siku meli yake ilipotia nanga huko.

Alfajiri Masinde alimtuma Wangare akachume maua ya mukawa, yale meupe yenye wekundu kidogo na harufu ya kumfanya mtu afumbe macho. Akayatia kwenye mvinyo. Na dakika tano tu zilizopita Kiptanui, mchungaji wa ng'ombe, alisimama dirishani akasema neno lililomkausha mpishi mate. Kuna mti mwingine. Maua yake na ya mukawa ukiyaweka pamoja hujui lipi ni lipi, na mti huo ndio wazee walikuwa wakiuchemsha kupata sumu ya mishale. Mukawa una miiba. Huo mwingine hauna.

"Huyo aliyechuma," Kiptanui aliuliza, "mikono yake iko namna gani?"

Ilikuwa laini. Ilikuwa laini kabisa.

"Wangare, maua ulitoa wapi?"

"Kule chini, kando ya boma ya ng'ombe. Kwani iko nini?"

"Huo mti ulikuwa na miiba?"

Wangare akainyakua mikono yake, akaificha chini ya aproni.

"Miiba ya nini sasa? Wewe ulitaka maua, mimi nikaleta maua."

"Nijibu!"

Wangare alitazama mlango, akatazama dirisha, na Masinde akaona usoni mwake hofu ya mtu aliyefanya jambo asilotaka lijulikane.

"Wangare, tafadhali..."

"Masinde! Wapi barafu?"

Memsahib Maua alikuwa ameingia bila kubisha, kofia kubwa kichwani, na nyuma yake askari mrefu aliyejaza mlango wote. Askari huyo aliitwa Odero. Alikuja na Bwana D.O., afisa wa wilaya, na amri aliyopewa ilikuwa fupi: Mkikuyu asikaribie chakula cha wageni mpaka karamu iishe.

"Wangare, wewe hapana simama jikoni," alisema Memsahib. "Kwenda tandika meza. Kitambaa nyeupe. Upesi upesi."

Wangare akapita, kichwa chini. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja, kama mwenye neno, lakini Odero alikuwa ameshanyoosha mkono kumwonyesha njia. Akaenda.

Jana jioni, nakukumbusha, Masinde alimwambia mwanamke huyu: "Kesho wageni wakiondoka, niko na neno nataka kukuambia." Naye Wangare akamjibu, "Niambie sasa," akicheka. Alikuwa mjane, na Masinde alikuwa mseja wa miaka thelathini na sita mwenye aibu nyingi. Mjinga kweli. Angesema jana.

Tuendelee. Bakuli lilikuwa mezani, bakuli la kioo zito, kubwa la kutosha kuogeshea mtoto mchanga. Chupa zote sita za mvinyo zilikuwa zimeshamiminwa humo. Asali ya mizinga ya Kiptanui iliyoyeyushwa kwa maji moto ilikuwa ndani. Mapichi yaliyokatwa vipande vyembamba yalikuwa ndani, na duara za ndimu, na majani ya waridi. Na juu ya vyote yaliogelea maua yale meupe. Masinde aliyaona ni mengi kuliko alivyoyaacha alfajiri, lakini siku hiyo macho yake hayakuwa ya kuaminika. Kando ya bakuli palikuwa na mkasi wa bustani wa Memsahib, umelowa. Aliusukuma pembeni ili apate nafasi ya barafu.

"Nzuri sana," alisema Memsahib, akiinama kunusa. "Sasa kwetu Ulaya ni wakati ya maua. Baridi nakwisha, maua nakuja. Mimi nataka hapa kama kule. Maua mengi mengi."

Nje mvua ya masika ilikuwa imekatika kidogo tu ili wageni wapate pa kukaa, na tope la Dundori lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu. Lakini Memsahib alisema ni wakati wa maua, basi ukawa ni wakati wa maua.

Masinde alilisogelea bakuli. "Memsahib, mimi nafikiri hii imeharibika."

"Nini?"

"Mvinyo. Harufu yake si sawa. Imechacha. Afadhali tumwage, mimi natengeneza maji ya ndimu, nzuri kabisa."

Memsahib akamtazama. Miaka kumi na moja mtu huyu alikuwa amemtengenezea vinywaji vya karamu, na hakuwahi hata siku moja kuonja tone. Sheria ya siku zile haikutaka Mwafrika aguse mvinyo wa Mzungu, na kwa nyumba hii sheria haikutosha, kila chupa ilipigwa mstari wa penseli kwenye karatasi yake, pale mvinyo ulipofikia. Masinde alijua kazi yake kwa pua. Alijua kwa namna asali inavyodondoka kijikoni, na kwa kuwachungulia wageni dirishani wanapopiga funda la kwanza. Nyuso zao ndizo zilizomwambia kama ndimu imezidi. Pua ile haikuwahi kukosea.

"Imechacha?" alisema Memsahib. "Ngoja. Mimi naonja."

Akachukua kijiko.

Masinde aliona kijiko kikizama, kikitoka kimejaa, na ua moja dogo limelala juu yake. Kikapanda. Kikafika kidevuni.

"Memsahib, hapana!"

"Hapana nini?"

Na wakati huohuo honi ikalia nje, mara mbili, halafu honi nyingine, na Memsahib akakiangusha kijiko ndani ya bakuli na kupiga makofi.

"Nakuja! Wageni nakuja! Wewe tia barafu, tia soda, leta nje. Hapana kuchelewa!"

Akatoka mbio, kofia ameishika kwa mkono mmoja.

Sasa utaniuliza, mbona asiseme? Neno ni moja, sumu, alitamke yaishe. Ningependa kukuona wewe ukilitamka siku zile. Ilikuwa hali ya hatari, kila Mkikuyu akishukiwa kuwa mwasi. Kaka yake Wangare alichukuliwa Januari akapelekwa kambini, na Wangare mwenyewe alikuwa amebaki shambani kwa sababu ya barua moja tu ya Memsahib. Mkikuyu, dobi, ndugu wa mfungwa, ametumwa maua akaleta maua ya mishale, na maua yamo kwenye kinywaji cha Bwana D.O. Nani angemwuliza swali la pili? Kamba ya kumnyongea ingekuwa tayari kabla ya mazishi ya mtu yeyote, tena hata kama hakuna aliyekufa.

Na kulikuwa na jambo lingine lililomtafuna Masinde, baya kuliko hayo. Kwa nini Wangare aliificha mikono? Je, alijua? Alijichukia kwa kuliwaza, lakini aliliwaza, na kila alipomwaga barafu liliruka na kumrudia.

Barafu ilitoka Nakuru asubuhi hiyo, imefungwa gunia na unga wa mbao. Aliipiga kwa nyundo, akajipiga kidole, hakusikia maumivu. Alikwenda dirishani. Kiptanui hayupo. Alirudi mezani. Alikwenda mlangoni. Odero yupo.

"Mpishi, mbona unazungukazunguka?"

"Joto."

"Joto gani na mimi nimevaa koti?"

"Odero, ndugu yangu, niachie dakika moja niongee na dobi."

"Amri ni amri. Ongea na mimi."

Masinde akatazama bakuli. Aliamua. Bakuli lilikuwa kioo, njia ya kwenda bustanini ilikuwa ya mawe yenye utelezi, na yeye ndiye mbebaji. Ajali ni kitu cha kawaida. Angekatwa mshahara wa mwaka, angetukanwa, na mambo yangeishia hapo. Akamimina soda, mvinyo ukachemka mapovu, harufu ya mukawa ikajaa jikoni. Akalibeba bakuli kwa mikono miwili.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Kwenye jiwe la tatu, lile lenye ukungu, akauachia mguu uteleze.

Akaanguka kweli, goti likapiga jiwe. Lakini bakuli halikuanguka. Mikono miwili mirefu ilikuwa imelidaka hewani, na si zaidi ya kikombe kimoja kilichomwagika.

"Pole, mpishi!" alisema Odero, akitabasamu kwa meno yote. "Nilikuona mapema. Nilisema huyu leo ataanguka. Wacha mimi nibebe."

Kuna watu wema duniani, msomaji, ambao wema wao ungependa kuwarudishia kichwani.

Bustanini wageni walikuwa wameketi kuzunguka meza ndefu. Kitambaa kilikuwa cheupe hata kikaumiza macho, na Wangare alikuwa akikinyoosha pembe ya mwisho. Odero akaweka bakuli katikati, akamfukuza Wangare kwa macho. Wangare akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi za veranda, akasimama hapo, mikono tena chini ya aproni.

Memsahib akatoa upawa wa fedha, akaanza kujaza gilasi mwenyewe. Kila gilasi ilipata kipande cha pichi na ua moja. Wageni wakashangilia. Mama mmoja mnene aliinua yake kwenye jua aone ua likicheza.

Lakini hakuna aliyekunywa.

Masinde alijua kwa nini. Nyumba hii ilikuwa na desturi, na desturi hiyo siku hiyo ilikuwa rafiki yake wa pekee: kama mtu wa serikali yupo, hakuna mdomo unaogusa gilasi mpaka asimame na kumtakia Malkia afya njema. Na Bwana D.O. alikuwa kijana aliyependa kuongea. Alisimama. Akaongea juu ya mvua. Akaongea juu ya barabara. Akaongea juu ya maua ya Memsahib, wageni wakacheka. Masinde hakufahamu Kizungu chote, lakini alijua sauti ya hotuba inayokwenda kuisha, na hii ilikuwa inakwenda kuisha.

Gilasi kumi na tisa. Angezipiga vipi zote chini? Angepiga tatu, nne, halafu Odero angemkalia kifuani, na wengine wangekunywa huku wakimtazama.

Bwana D.O. akainua gilasi yake. Watu wakaanza kusukuma viti ili wasimame.

Hapo ndipo Masinde alipouona upawa. Ulikuwa umelala ndani ya bakuli, mpini nje, na jambo alilolijua miaka kumi na moja bila kulifikiria likamjia lote kwa pamoja. Kikombe chake cha chai katika nyumba ile kilikaa nje ya jikoni, kwenye msumari. Siku moja Memsahib alipomkuta yaya akinywa maji kwa gilasi ya sebuleni, aliivunja gilasi ile kwa mikono yake mwenyewe, akaagiza nyingine Nakuru.

Masinde alitembea. Hakukimbia. Alifika mezani, akachukua upawa, akauchovya, akaupeleka mdomoni.

Alikuwa amekusudia kulowesha midomo tu. Lakini macho ya watu wote kumi na tisa yalikuwa yamegeuka, na alijua wakidhani ni mchezo watacheka na kuendelea. Basi akanywa. Alipiga funda kubwa, kwa sauti, anavyokunywa mtu uji wa moto. Kisha akaurudisha upawa ndani ya bakuli, akaukoroga.

"Memsahib, iko sawa," alisema kwa Kiswahili ambacho kila mmoja pale angekielewa. "Haikuchacha. Mimi nakunywa tangu asubuhi. Na hii, hii upawa. Kila saa mimi nakunywa, narudisha. Nakunywa, narudisha."

Mama mnene alipiga ukelele, akaitupa gilasi yake nyasini. Jirani yake akafuta midomo kwa leso, midomo ambayo haikuwa imegusa kitu. Mzee mmoja akaiweka yake chini polepole, mbali na nafsi yake, kana kwamba ingemrukia. Bwana D.O. alibaki na mkono juu, gilasi hewani, hajui kama bado anamtakia Malkia afya.

Memsahib Maua aligeuka mwekundu kuanzia shingoni.

"Mwaga!" alipiga kelele. "Mwaga yote! Yote!"

Neno tamu namna gani! Masinde alikuwa amelitafuta tangu asubuhi. Akalikumbatia bakuli kabla mtu yeyote hajalibadilisha, akalipindua kwenye nyasi, na mvinyo ukakimbia katikati ya viatu vya wageni, ukiacha mapichi na maua nyuma. Gilasi zikafuata, moja baada ya nyingine, mpaka ya Bwana D.O. yenyewe.

Masinde alicheka. Alijaribu kujizuia akashindwa. Alikuwa hai, wao walikuwa hai, na Wangare pale kwenye ngazi alikuwa hai na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Mdomoni mwake kulikuwa na uchungu mkali. Alishangaa kidogo. Kumbe hiki ndicho wanachokipigia penseli, aliwaza. Kumbe hata si kitamu.

"Amelewa," alisema Bwana D.O. "Mtazameni. Amelewa kabisa. Odero!"

Pingu zikalia. Kipande chake, ile hati ya kazi, kikatakiwa, Bwana D.O. akakitia mfukoni mwake bila kukisoma. Kunywa mvinyo wa mwajiri, kutia mdomo katika chombo cha wageni, kumdhalilisha Memsahib mbele ya serikali: Masinde aliyasikia yakitajwa na yalimpita sikioni. Akasukumwa kwenye Landrova iliyokuwa imeegeshwa mbele ya veranda. Odero akapanda naye nyuma, amenuna, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda mpishi huyu.

Memsahib alikuwa akilia sasa, na mabibi wamemzunguka.

"Wangare!" aliita kati ya kwikwi. "Fagia! Fagia hii yote!"

Wangare alishuka ngazi, akapiga magoti kwenye nyasi karibu na gurudumu la gari. Aliokota ua moja. Akaligeuza. Akaokota jingine. Halafu akainua uso, na Masinde akamwona anatabasamu huku machozi yanamtoka.

"Masinde," alisema kwa sauti ya chini, ya haraka. "Ni kwa hii uliniuliza miiba? Ulifikiri nimekuletea ule mti mwingine?"

"Mikono yako, Wangare. Haikuwa na alama hata moja."

"Ni glavu!" Akatoa mikono chini ya aproni, na ndani ya aproni kulikuwa na jozi ya glavu za ngozi, zile za Memsahib za kukatia waridi, zimetobolewatobolewa na miiba. "Nilichukua bila ruhusa. Mimi ni dobi, Masinde. Leo ni vitambaa vyeupe ishirini. Nikichomwa kidole kimoja, damu iko kwa meza ya wageni. Nikaogopa mtu atasikia. Mwezi uliopita si walimfukuza mtu kwa ajili ya mkasi tu? Ni mukawa, mjinga wewe! Ni mukawa yote!"

Masinde alimtazama. Kazi imekwenda. Kipande kimekwenda. Jela ilikuwa inamngoja Nakuru, na yote hayo kwa ajili ya bakuli la mvinyo mzuri usio na kosa. Mtu mwingine angelia. Yeye alisikia furaha ikimpanda kooni, furaha ya kijinga, kwa sababu mwanamke huyu hakuwa ameficha kitu ila glavu.

"Wangare," alisema, "lile neno nililotaka kukuambia..."

Dereva akatia gia. Landrova ikaruka mbele, tope likatapakaa kwenye kitambaa cheupe, na neno likabaki kwenye meno ya Masinde kwa mara ya pili.

Wangare alilitazama gari mpaka lilipopita lango. Kisha akaendelea kuokota. Aliokota maua ya mukawa, mepesi, yaliyonyofolewa moja moja kwa vidole vyake yeye mwenyewe. Mukawa. Mukawa. Mukawa.

Mkono ukasimama.

Hili halikuwa ua moja. Kilikuwa kishada, maua saba juu ya kijiti kimoja, na kijiti kilikuwa kimekatwa sawasawa, kwa mkasi. Wangare alipitisha kidole juu ya kijiti, akarudia, akitafuta mwiba. Akaokota kishada kingine. Na kingine. Vilikuwa vitano.

"Memsahib," alisema akisimama, amesahau kwamba hakuitwa. "Memsahib, hii maua nani aliweka?"

Memsahib alifuta macho, akatazama. "Hiyo? Mimi. Asubuhi mimi naona maua kidogo tu, mimi nakata ingine. Ile mti nzuri karibu na tanki ya maji. Hapana miiba, nzuri sana, harufu ileile." Akapenga kamasi kwenye leso. "Sasa yote bure."

Kiptanui alikuwa amekuja mpaka uani, fimbo mabegani, kuona kelele ni za nini. Wangare alimkimbilia, akamwekea kishada mkononi. Mchungaji hakukinusa. Alikishika kwa ncha za vidole.

"Nani amekunywa?" aliuliza.

"Masinde. Funda moja. Kubwa."

"Alisema uchungu?"

"Hakusema kitu. Alicheka."

"Hii inaanza na uchungu," alisema Kiptanui. "Uchungu inaganda kwa ulimi, haitoki. Halafu moyo inakimbia. Halafu inasahau kukimbia. Kama atatapika saa hii, labda. Kama atafika Nakuru hajatapika..." Alikitupa kishada chini na kufuta vidole kwenye nyasi.

Wangare hakuwa na pasi ya kutoka shambani. Mkikuyu aliyekutwa barabarani bila pasi siku zile, askari hakulazimika kumwuliza jina kabla ya kufyatua risasi. Alilijua hilo. Aliziangusha zile glavu mbele ya miguu ya Memsahib, kila mtu akaziona, akakunja kanga yake kiunoni, akalipita lango akilifuata gari.

Kule mbele Landrova ilikuwa inateremka kona za Dundori, tope likiivuta huku na huku. Mji ulikuwa unaonekana chini, na ziwa nyuma yake. Masinde alitema mate nje, akatema tena.

"Odero."

"Sema."

"Wewe umewahi kuonja mvinyo ya Wazungu? Sitakusema."

Odero alimtazama dereva kisogoni, akasogea karibu. "Mara moja. Krismasi, kwa bwana mmoja. Ilibaki kidogo kwa chupa."

"Ni chungu, sindiyo?"

"Chungu?" Odero akacheka. "Hapana! Ni kali kidogo, halafu tamu. Kama maji ya ndimu na sukari. Chungu hapana kabisa. Kwani yako ilikuwa chungu?"

Masinde aliinua mikono yake yenye pingu, akaiweka juu ya kifua, akasikiliza. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na yeye alikuwa amekaa tu.